Gari Moja, Maziko Mawili

Usiku wa kuamkia Jumapili, Agosti 31, mwaka wa 1997, katika mji wa Paris, gari moja aina ya Mercedes liligonga nguzo ndani ya njia ya chini kwa chini iliyo karibu na daraja la Alma. Garini mlikuwa na watu wanne. Dereva, Henri Paul, na abiria mmoja, Emad Al-Fayed ambaye dunia ilimjua kwa jina la Dodi, walikufa papo hapo. Mlinzi wao alijeruhiwa vibaya lakini akapona. Wa nne alikuwa Diana, mtalaka wa Charles, mwana wa Malkia wa Uingereza, ambaye leo ndiye mfalme. Diana alikata roho hospitalini kabla ya jua kuchomoza. Umri wake ulikuwa miaka 36.

Habari hizi, msomaji mpenzi, hazina asiyezisikia. Zimeandikwa mpaka wino umechoka. Lakini liko jambo moja ambalo wenye kuziandika hawakulishughulikia sana, nalo ndilo ninalotaka tulitazame leo, kwa kuwa linatugusa sisi tuliolelewa katika desturi za Kiislamu hapa pwani. Jambo lenyewe ni hili: watu hao wawili walitoka hoteli moja, wakapanda gari moja, wakafikwa na ajali moja, walakini maziko yao yalikuwa mbalimbali kama mbingu na ardhi.

Dodi alikuwa Mwislamu, mwana wa tajiri wa Kimisri mzaliwa wa Alexandria, Mohamed Al-Fayed, aliyekuwa mwenye duka kubwa la Harrods mjini London na hoteli ya Ritz ya Paris ambamo vijana hao walikula chakula chao cha mwisho. Baba aliposikia alifunga safari siku ile ile. Maiti ya mwanawe ikachukuliwa hadi London, ikasaliwa katika msikiti mkuu ulioko Regent's Park, na usiku huo huo ikatiwa ardhini katika makaburi ya Brookwood, nje ya London. Saa ishirini na nne hazikutimia tangu ajali. Hapakuwa na gwaride wala kengele. Tajiri mwenye uwezo wa kununua chochote hakununua hata siku moja ya kuchelewesha. Baadaye, jamaa zake walimhamishia katika shamba lao huko Oxted, lakini ule usiku wa kwanza alizikwa kama anavyozikwa mvuvi wa Vanga au mkwezi wa Takaungu.

Diana alizikwa Jumamosi, Septemba 6. Kati ya siku hizo mbili zilipita siku sita, nazo ndizo siku ambazo Waingereza wenyewe mpaka leo wakizikumbuka hujiuliza walipatwa na nini.

Bahari ya maua

Watu walianza kuja na maua mbele ya nyumba yake, jumba la Kensington. Kwanza mmoja mmoja, kisha makundi, kisha umati. Maua yalirundikwa mpaka mahali pengine yakafika kifuani mwa mtu mzima, nayo yalikuwa bado yamefungwa katika karatasi zake za plastiki, yakioza chini huku mapya yakiwekwa juu. Katika jumba la St James's viliwekwa vitabu vya kuandika rambirambi, vikawa haba, vikaongezwa mpaka vikafika 43. Watu walisimama mlolongo saa nyingi, wengine usiku kucha, ili waandike mstari mmoja kumwandikia mtu asiyeweza kuusoma.

Malkia Elizabeth wakati huo alikuwa Balmoral, huko Uskochi, pamoja na wajukuu wake wawili waliofiwa na mama. Ukifikiri kwa akili ya kwetu, bibi wa watoto angekuwa wapi tena? Mahali pake ni pale, mkekani, watoto mapajani. Lakini magazeti ya London hayakuona hivyo. Yaliandika kwa herufi kubwa kubwa kumtaka aje mjini aonekane akihuzunika. Yalidai bendera ipepee nusu mlingoti juu ya jumba la Buckingham, ingawa kwa kawaida yao bendera ya kifalme huwekwa pale mwenyewe akiwapo tu, wala haishushwi nusu mlingoti kwa kifo cha mtu yeyote. Mwishowe Malkia alisalimu amri. Tarehe 5 alirudi London, akahutubia taifa katika televisheni, na siku ya maziko bendera ya nchi ikapepea nusu mlingoti.

Hebu tulipime jambo hili. Mfiwa analazimishwa na mpita njia atoe machozi hadharani, na asipoyatoa anaambiwa hana imani. Kwetu jirani huja kumhani mfiwa. Kule, kwa wiki moja, mfiwa alitakiwa ende akawahani majirani.

Mwanamke wa Mji wa Kale

Nisije nikadhaniwa kuwa nawacheka Wazungu. Jumamosi ile mimi nilikuwa Mombasa. Baada ya kusali adhuhuri nilipita nyumba ya jirani yetu Mji wa Kale, nikakuta ukumbi umejaa kina mama mbele ya televisheni, leso vichwani, kama watu waliokuja tangani. Jeneza lilikuwa likipita katika barabara za London, na watu zaidi ya milioni moja wamejipanga pande zote mbili. Kina mama walikuwa wanalia, na kilio chao hakikuwa cha mchezo.

Nilimwuliza mmoja wao, mtu mzima wa kuheshimika, "Bi Mkubwa, huyu mwamjua wapi hata mkamlilia hivi?"

Alijipangusa kwa ncha ya leso akanijibu, "Mwanangu, mimi simlilii mke wa mfalme. Namlilia mtoto wa watu aliyeolewa mdogo, akaingizwa nyumba kubwa, akawa ana mwenziwe asiyetajwa, kisha akaachwa na watu wakimtazama. Wangapi hapa mtaani ni Diana, na hapana aliyewapiga picha?"

Jibu hilo lilinitosha. Nilitambua kuwa wengi waliolia wiki ile, London na Mombasa, walikuwa na maiti yao wenyewe moyoni, na jeneza lile liliwapa ruhusa ya kulia. Hilo si aibu. Mtume wetu (s.a.w.) alimlilia mwanawe Ibrahimu, na alipoulizwa alieleza kuwa machozi ni rehema, ila ulimi usiseme lisilomridhisha Mola. Pia imepokewa kuwa jeneza la Myahudi lilipita akasimama kwa heshima, na alipoambiwa kuwa huyo si wa dini yake aliuliza kama huyo naye si nafsi. Basi mwenye kumsikitikia aliyekufa, awe wa dini yoyote, hana lawama kwangu.

Lawama naipeleka kwa waliokuwa wakiuza.

Mnada

Watu hawa wawili hawakuanza kufuatwa usiku ule wa Paris. Mwezi huo huo wa Agosti, mpiga picha mmoja aliwanasa wakiwa juu ya mashua ya anasa katika bahari ya Mediterania, na gazeti la Sunday Mirror likazitoa picha hizo tarehe 10. Inasemekana picha zilinunuliwa kwa mamia ya maelfu ya pauni. Bei hiyo ndiyo iliyowapandisha wapiga picha juu ya pikipiki na kuwakesheza nje ya hoteli ya Ritz. Palipo na mnunuzi hapakosi mwindaji.

Kabla ya hapo, mwaka wa 1995, Diana alihojiwa katika kipindi cha Panorama cha televisheni ya BBC, akaitoa siri ya ndoa yake mbele ya watazamaji wapatao milioni 23. Ilichukua zaidi ya miaka 25 ukweli kujulikana: mwaka wa 2021 uchunguzi wa jaji mstaafu, Lord Dyson, ulithibitisha kuwa mwandishi aliyemhoji alitumia hila, zikiwamo karatasi za benki za kughushi alizomwonyesha kaka yake Diana ili apate kujuana naye. Kwa hivyo hata ule usemi tuliodhani ni wake kwa hiari yake, mlango wake ulifunguliwa kwa ufunguo wa bandia.

Sasa tazama yaliyofuata. Ajali ilipotokea, baadhi ya wapiga picha waliokuwa wakimfuata walifika wakapiga picha za walio ndani ya gari lililopondeka. Polisi wa Ufaransa waliwakamata papo hapo, na jumla ya wapiga picha tisa na mwendesha pikipiki mmoja wakachunguzwa. Mashtaka ya kusababisha kifo yakaondolewa mwaka wa 1999. Ghadhabu ya watu ilikuwa kubwa mno. Lakini ni magazeti yapi yaliyoikuza ghadhabu hiyo? Ni yale yale yaliyokuwa yakinunua picha. Jumamosi yakimwinda, Jumapili yakimwomboleza, na siku zote mbili yakiuzwa. Wahenga walisema kifo cha wengi harusi. Kumbe hata kifo cha mmoja huwa harusi, ikiwa mwenye kupika pilau ni mwenye kiwanda cha magazeti.

Na wimbo nao ukauzwa. Elton John aliimba kanisani Westminster wimbo wake wa mwaka 1973, ambao hapo kwanza ulitungwa kwa ajili ya mcheza sinema wa Kimarekani, Marilyn Monroe, nao ukabadilishwa maneno umfae Diana. Santuri zilizouzwa zilipita milioni 30. Fedha zilikwenda kwenye mfuko wa hisani wa marehemu, na hilo ni jema. Lakini yafaa tujue kuwa hata machozi yale yalikuwa yameshavaliwa na mtu mwingine.

Watoto nyuma ya jeneza

Katika picha zote za siku ile, moja ndiyo isiyonitoka. Wavulana wawili wakitembea nyuma ya jeneza la mama yao, vichwa chini, na dunia nzima ikiwatazama. Mkubwa, William, alikuwa na umri wa miaka 15. Mdogo, Harry, alikuwa na miaka 12. Juu ya jeneza palikuwa na bahasha iliyoandikwa neno la mtoto kumwita mamaye, na kamera zikaivuta karibu ili kila mtu aisome.

Miaka ishirini baadaye, mwaka wa 2017, Harry alisema kuwa hadhani mtoto yeyote angefaa kutakiwa kufanya jambo kama lile. Maneno hayo ni mafupi, lakini yalimchukua miaka ishirini kuyatamka. Katika desturi zetu mtoto mwanamume huenda makaburini, hushika jeneza, hutia udongo. Lakini huenda akiwa amezungukwa na ami zake na wajomba zake, nyuso anazozijua, na wale watu huenda pale kumsalia maiti, si kumtazama yeye analiaje. Tofauti hiyo ndiyo yote.

Hata kwetu yametokea

Msomaji anaweza kuniambia, "Hayo ni ya Ulaya, Uislamu umetuepusha nayo." Naam, dini imetuepusha, lakini sisi wenyewe hatukuepuka kila mara.

Umm Kulthum alifariki Cairo, Februari 3, 1975. Hapa pwani wapo wazee waliokuwa wakitega redio Alhamisi ya kwanza ya mwezi ili wamsikie, na wanamuziki wetu wa taarabu walijifunza mengi kwa Wamisri wa zama zake. Basi maziko yake yaliahirishwa siku mbili, mpaka tarehe 5, ili wakubwa wa nchi za nje wapate kufika. Siku ilipofika, umati uliojaa katika barabara za Cairo uliwapokonya wachukuzi jeneza, wakalibeba begani kwa muda wa saa tatu mpaka msikiti wa Sayyidna Husein, ambao inasemekana marehemu aliupenda. Hapo shekhe wa msikiti alimsalia tena, kisha akawanasihi watu wampeleke moja kwa moja kaburini, kwa kuwa mama huyu alikuwa mtu wa dini na angependa azikwe upesi kama sharia inavyoagiza. Watu wakamsikia.

Mwaka wa 1977 alipofariki Abdel Halim Hafez, naye mwimbaji wa Misri, yaliripotiwa mabaya zaidi: kwamba wako wasichana waliojiua kwa majonzi.

Kwa hivyo uzi unaotenganisha huzuni na wazimu haupiti kati ya Waislamu na wasiokuwa Waislamu. Unapita palipo na mtu mmoja wa kusema, kama yule shekhe, "Basi, inatosha, tumzikeni mwenzetu."

Baba asiyeanua tanga

Wala nisidanganye kwamba kuzika upesi kunamaliza kilio. Mohamed Al-Fayed alimzika mwanawe siku ile ile, lakini tanga lake halikuanuliwa. Alisimamisha kumbukumbu mbili za vijana hao ndani ya duka la Harrods, ya pili ikiwa sanamu ya shaba ya mwaka 2005. Alidai mwaka baada ya mwaka kuwa ajali ile ilikuwa njama ya kuwaua, na magazeti yakapata jingine la kuuza. Polisi wa Uingereza walichunguza, na ripoti yao ya Desemba 2006 ikasema hapakuwa na njama. Hapo tena kesi ikaenda mbele ya baraza la wazee wa mahakama, ambao Aprili 7, 2008 walitoa uamuzi wao: vifo vilisababishwa na uzembe mkubwa wa dereva, ambaye alikuwa amelewa, pamoja na uzembe wa wale waliokuwa wakiwafuata kwa vyombo vyao. Al-Fayed alifariki Agosti 30, 2023, akiwa na miaka 94, ikisalia siku moja tu mwanawe atimize miaka 26 kaburini.

Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Sharia imetuwekea siku tatu za matanga, na mjane miezi minne na siku kumi, si kwa kuwa moyo hupona siku ya tatu, bali ili mtu aliyefiwa asije akawa hana kazi nyingine duniani isipokuwa kufiwa. Kadiri kamera zilivyomzunguka baba yule, ndivyo mlango wa kutoka tangani ulivyozidi kumpotea.

Wasiopigwa picha

Nirudi kidogo kwenye ule ukumbi wa Mji wa Kale. Wakati kina mama wanalia, mzee mmoja aliyekuwa barazani alichungulia dirishani akasema, "Enyi wanangu, vyema. Na wale wa Likoni mwawalilia lini?"

Ukumbi ulinyamaza. Usiku wa Agosti 13 mwaka ule ule, siku kumi na nane tu kabla ya ajali ya Paris, kundi la wavamizi lilishambulia kituo cha polisi cha Likoni, likaua polisi sita na kuchukua bunduki, kisha likawaendea raia. Katika majuma yaliyofuata zaidi ya watu 100 waliuawa, wengi wao wakiwa ndugu zetu kutoka bara, na wapatao 100,000 wakahama makwao. Baadaye vyombo vya usalama vilipofanya msako, Wadigo wengi wasiokuwa na hatia nao waliteswa. Watu walikuwa wamelala katika uwanja wa kanisa ng'ambo ya pili ya feri, karibu kiasi cha kuweza kupelekewa chai ikiwa bado moto. Wala hapakuwa na maua.

Ulimwengu nao ulikuwa hivyo hivyo. Mama Teresa, aliyewatunza maskini wa Calcutta kwa miaka mingi, alifariki Septemba 5, siku moja kabla ya maziko ya Diana. Habari zake zilipewa nafasi iliyobaki.

Sisemi kuwa machozi ni maji ya mtungi, kwamba ukimpa huyu yule atakosa. Bi Mkubwa yule nilimwona siku mbili baadaye akivuka feri na vikapu viwili vya mkate na unga, wala hakuniambia anakwenda wapi. Ninalosema ni kwamba gazeti na televisheni hutuchagulia maiti wa kumlilia, na sisi tusipoangalia huamini kuwa aliyeonyeshwa ndiye pekee aliyekufa.

Siku hizi mambo yamezidi. Wakati wa Diana mpiga picha alihitaji pikipiki, kamera na mnunuzi. Leo kila mmoja wetu ana gazeti lake mfukoni. Ajali ikitokea barabara ya Malindi, simu hunyooshwa kabla ya mikono, na mama hupata kuiona maiti ya mwanawe katika kioo kabla hajaletewa habari na mtu wa kumshika. Mwimbaji akiugua, huzushiwa kifo mara tatu kabla ya siku yake, na wanaouzusha ndio wa kwanza kuandika Inna lillahi.

Diana mwenyewe jamaa zake walimzika katika kisiwa kidogo kilicho katikati ya ziwa, nyumbani kwao Althorp, mahali ambapo umati hauwezi kufika. Yaani ilibidi azungukwe na maji pande zote ndipo apate kuachwa peke yake. Maiti zetu hazina ziwa. Kinga yao ni sanda, na sanda hiyo tumekabidhiwa sisi tulio hai. Anayeletewa picha ya maiti na asiipeleke kwa mwingine amemsitiri ndugu yake. Na akitaka kuzidisha, njia ya kwenda nyumba ya matanga anaijua.